Mrejesho: vidonda vya tumbo, nilifuata ushauri wenu

Wakuu, nimerudi. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu maumivu ya chembe ya moyo yanayoniamsha saa nane usiku.

Aliyeniambia niache diklofenaki, vidonge vya maumivu nilivyokuwa nameza kwa ajili ya mgongo, asante sana. Sikujua kumbe vinachubua tumbo. Na wewe uliyesisitiza nipime choo, si damu, kwa kuwa damu inaweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha zamani: nilikutwa kweli na H. pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo. Nikapewa omeprazo ya kupunguza asidi, pamoja na antibayotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini, siku 14. Mdomo ulikuwa mchungu kama shubiri na siku ya nne nikaharisha, ila sikuruka dozi.

Nilipokosea ni kurudia kipimo mapema, bado nameza omeprazo. Daktari akakikataa, maana dawa hiyo inaweza kuficha bakteria. Nikasubiri wiki nne baada ya antibayotiki, mbili za mwisho bila omeprazo. Safari hii bakteria hakuonekana.

Usiku sasa nalala. Kiungulia bado kinanirudia nikichelewa kula, na mgongo unauma vilevile. Parasetamoli haifui dafu. Juisi ya kabichi je? Mwezi mzima nimeinywa, nikaambulia gesi tu.