Tupeane uzoefu: ni somo gani ambalo teknolojia ilikusaidia kweli kulifundisha?

Mwanzisha mada

Walimu wenzangu, salaam. Kwenye semina tunatajiwa programu nyingi, tunaonyeshwa pa kubonyeza, kisha tukirudi darasani projekta inageuka kuwa ubao wenye mwanga. Slaidi zinapita, wanafunzi wananakili, kipindi kinaisha.

Naomba hapa tusitajiane majina ya programu tu. Chukua somo moja utusimulie: wanafunzi walikuwa wanakwama wapi, na chombo hicho kilifanya nini ambacho chaki haikukiweza. Kama kilishindwa, tuambie pia, maana hayo ndiyo yasiyosemwa semina.

Mwalimu wa Fizikia

Langu ni saketi za umeme. Kila darasa jipya linakuja na imani ileile: balbu "inakula" mkondo, kwa hiyo unaorudi kwenye betri ni mdogo kuliko uliotoka. Waambie mkondo ni uleule kabla na baada ya balbu, wataandika vizuri sana kwenye daftari. Waulize wiki mbili baadaye, balbu inaendelea kula.

Natumia maabara za kompyuta za PhET. Zilianzishwa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Nobeli ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Ni za bure, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Ile ya saketi inampa mwanafunzi betri, nyaya, balbu, swichi na ammita (kipima mkondo), anaunganisha anavyotaka.

Ila siwashi kompyuta kwanza. Kila mmoja anaandika kwenye karatasi: ammita ikiwekwa kabla ya balbu na nyingine baada yake, ipi itasoma zaidi? Wakishaandika hakuna kufuta. Ndipo mmoja anaunganisha mbele ya wenzake. Ammita zote mbili zinasoma namba moja, na elektroni zinaonekana zikitembea kwa mwendo uleule pande zote. Darasa linalipuka kwa mabishano: "Sasa mwanga unatoka wapi kama hakuna kinachopungua?" Swali hilo ndilo nilikuwa nalitafuta. Kutoka hapo nishati inafundishika, kwa sababu wao ndio wameiulizia. Bila ile karatasi ya ubashiri wangetazama kama sinema.

Wanaohofia kwamba maabara ya kompyuta inaua ya kweli, utafiti uliochapishwa na kundi hilo la Colorado mwaka 2005 ulikuta wanafunzi waliojifunza kwa saketi za kompyuta waliweza baadaye kuunganisha saketi halisi na kuzieleza vizuri kuliko waliotumia vifaa halisi tangu mwanzo. Mimi sijaacha vifaa halisi. Nimebadili mpangilio tu: kompyuta kwanza, nyaya baadaye.

Mwanzisha mada

Asante sana mwalimu. Na kama kompyuta ni moja kwa darasa zima?

Mwalimu wa Fizikia

Moja inatosha, na wakati mwingine ni bora zaidi. Anayeshika kipanya haruhusiwi kuamua chochote, anafuata maelekezo ya darasa. Wanalazimika kusema kwa maneno waya uanzie wapi na uishie wapi, na hapo unasikia nani ameelewa.

Mwalimu wa Hisabati

Kwangu ni GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo, kwenye grafu za kipeo cha pili. Ukichora y = ax² + bx + c ubaoni kwa chaki, unapata grafu tatu au nne mkono ukishachoka. Ukiweka vitelezi (vitufe vya kuvuta vinavyobadili namba) vya a, b na c, mwanafunzi anavuta na kuona mchoro ukiitikia papo hapo.

Herufi a na c wanaziona haraka: moja inafungua na kufumba parabola (mchoro wa grafu hiyo), nyingine inapandisha na kushusha. Utamu uko kwenye b. Karibu wote wanatabiri kwamba itasogeza grafu kushoto na kulia. Nawaambia wawashe alama inayoacha nyayo kwenye ncha ya parabola, kisha wavute b taratibu. Nyayo zinachora parabola nyingine iliyopinduka! Ndipo tunashika kalamu kuthibitisha kwa aljebra kwamba ncha inatembea juu ya y = c − ax². Sijawahi kuona wanafunzi wakiomba wenyewe kukamilisha mraba isipokuwa kwenye kipindi hicho.

Mwalimu wa Baiolojia

Mimi nataka kutetea wasio na kompyuta wala vishikwambi. Natumia Plickers: kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye mchoro wake, anaigeuza kuonyesha A, B, C au D, na simu yangu inapitishwa mbele ya darasa na kusoma majibu yote. Kwa kuwa michoro haifanani, jirani hawezi kutazama ya mwenzake akaiga.

Swali langu pendwa: sehemu kubwa ya uzito mkavu (bila maji) wa mti mkubwa imetoka wapi? Udongo, maji, hewa au mbolea? Kwenye kura udongo ndio unaoshinda, na mara nyingi kwa mbali, ingawa jibu ni hewa. Sitoi jibu. Nawapa dakika chache kila mmoja amshawishi jirani yake, kisha tunapiga kura tena. Ni mtindo aliouanzisha Eric Mazur wa Harvard kwenye fizikia miaka ya 1990, naye anashauri mjadala ufanyike pale waliopata wanapokuwa kati ya asilimia 30 na 70 hivi. Wakiwa wachache sana, hakuna wa kumshawishi mwenzake. Inabidi urudi ueleze upya.

Michezo ya maswali yenye muziki na saa, kama Kahoot, inachangamsha darasa, sikatai. Lakini alama zikifuata kasi, anayefikiri polepole anajifunza kubonyeza tu. Ninapoitumia naongeza muda wa swali.

Mwalimu wa darasa la kwanza

Kwa wadogo vyombo hivi vya teknolojia nimevipunguza sana. Herufi inaingia kwa mkono unaoiandika na mdomo unaoitamka. Ninachobakiza ni kurekodi sauti: mtoto anasoma aya, anajisikiliza, anairudia mwenyewe bila kuambiwa. Basi.

Mwalimu wa elimu jumuishi

Naomba tusiwasahau wanafunzi wasioona. Mwanafunzi wangu anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, iliyoanza 2006 na kuendelezwa na Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni. Kwa kompyuta hiyo anasoma sawa na yeyote darasani. Kinachomzuia ni sisi walimu. Tunapiga picha ubao, tunatuma kwenye grupu, na tunasema tumewapa notsi. Kwa kisoma skrini picha ile ni ukimya mtupu.

Andika maneno yenyewe. Vichwa vya habari vitengeneze kwa mtindo wa kichwa ulio ndani ya programu, si kwa kukoleza wino tu, ili aweze kuruka kutoka mada hadi mada. Chini ya kila mchoro weka sentensi mbili za kuueleza. Kazi hiyo hainichukulii muda mrefu, na nimeona hata wanaoona wanarudi kwenye zile sentensi mbili wakati wa kudurusu.

Mwalimu wa Lugha

Kwangu gumzo ni akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, insha za nyumbani zimeanza kufanana sauti. Msitegemee vitambuzi, yaani programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine, kuwanasa wanafunzi: OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, wenyewe waliondoa cha kwao Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mtoto asiye na hatia akiitwa mwizi wa kazi yake mwenyewe, hilo halifutiki kwa kuomba radhi.

Nimehamishia uandishi darasani. Rasimu ya kwanza inaandikwa kwa mkono mbele yangu, na kila mmoja ananieleza kwa mdomo kwa nini amepanga aya zake hivyo. Kisha naleta insha ya mashine juu ya mada ileile, wanaikosoa kwa kalamu nyekundu. Wanagundua wenyewe kwamba sentensi ni laini lakini hakuna mtu ndani yake, na methali nyingine zimebandikwa pasipo mahali pake.

Msimamizi wa maabara ya kompyuta

Kwa wale ambao intaneti ndiyo kikwazo, tafuteni Kolibri ya Learning Equality, programu ya kusomea masomo bila intaneti. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, hata ndogo kama Raspberry Pi, unapakua masomo mara moja ukiwa na mtandao, kisha wanafunzi wanaunganishwa kwa Wi-Fi ya ndani na kuyafungua kwenye kivinjari bila intaneti kabisa. Maabara za PhET zimo humo pia. Wikipedia nzima unaipata kwa Kiwix, programu ya kusoma tovuti zilizopakuliwa, kwa namna hiyohiyo.

Angalizo: pakueni mada mnazofundisha muhula huu tu. Diski ikijazwa kila kitu, mwanafunzi anapotea kwenye orodha na kipindi kinaishia kwenye kutafuta.

Mwanzisha mada

Nimeyachukua haya. Mwalimu wa Baiolojia, tafadhali tuwekee maswali mengine ya kura kama lile la mti. Na kuna anayefundisha Kemia? Kusawazisha milinganyo bado kunanitesa.