Naomba ushauri: nichukue Hilux hii inayopunguzwa bei sasa hivi au nisubiri sura mpya mwakani? Nipo Tanga, kazi yangu ni Amani

MnunuziWaViungo

Habari za jioni wakuu, natumai mko salama wote. Nimeshauliza sana watu huku mtaani na kila mtu ananivutia upande wake, nikaona niwaletee ninyi, maana hela yenyewe ni ya jasho sitaki kuifanyia mchezo.

Mimi nipo Tanga mjini, Chumbageni. Nanunua viungo Amani kule juu, iliki, mdalasini, pilipili manga, na karafuu msimu wake ukifika, nashusha Muheza naleta mjini, mzigo mwingine unaenda Dar. Miaka sita yote nimepanda ile milima na kigari cha kawaida kisicho na fo wili, nimekiongezea springi nzito, nimekiinua, lakini wanaoijua ile njia wanajua, mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unakuwa kama umepakwa sabuni.

Masika iliyopita nilikwama kwenye kona moja nikitokea juu, saa moja usiku, nyuma nina magunia saba ya iliki. Tairi zinazunguka palepale, mvua inapiga. Mama mmoja wa pale jirani akatoa turubai lake la kuanikia tukafunika, kumbe maji yalishaingia kwa chini. Asubuhi nafungua gunia naingiza mkono, joto linatoka ndani na ile kijani yake ishaanza kuondoka. Iliki ikishapoteza kijani mnunuzi anakupa bei anayotaka yeye, huna la kusema. Siku ile nilijiambia siingii tena masika na gari ile.

Sasa nimejikusanya, nina kama asilimia 70 ya bei taslimu, inayobaki nakopa saccos yetu miaka miwili. Kuna shorumu Dar wana Toyota Hilux dabo kabini, zero kilomita, dizeli 2.4, gia za mkono, fo wili, ni ile sura iliyoanza 2015. Wananipunguzia milioni 12 maana sura mpya ilishazinduliwa Novemba 2025 na hizi wanataka ziishe. Kijana wa mauzo anasema zimebaki tatu. Rafiki yangu mmoja yeye ananiambia subiri mwakani uchukue sura mpya, ukinunua hii utakuwa unalipa deni la gari iliyoshazeeka kwa sura. Kwa kweli silali vizuri. Mnanishauri nini?

DerevaWaHandeni

Mkuu pole sana na iliki. Mimi ningekuwa wewe nisingechukua yoyote hapo, ningetafuta Land Cruiser mkonga iliyotumika, ile yenye injini ya 1HZ, cc 4200 haina turbo haina kompyuta ya kukuhangaisha, mimi naendesha ya ofisi Kilindi huku Songe na vijiji vyake na masika zote inapita. Ukikwama fundi yeyote wa kijijini anaijua

MnunuziWaViungo

Nashukuru kaka. Mkonga naipenda kuliko unavyodhani, ila nilizoziona za bei yangu zimechoka kwelikweli, moja chesisi ilikuwa na viraka viwili. Na dizeli inayokunywa kwa safari zangu mbili kwa wiki haiachi faida.

FundiNgamiani

Mleta uzi nisikilize vizuri maana haya magari ndo nayalalia chini kila siku.

Kwanza usidanganyike kwamba sura mpya ni gari nyingine kabisa. Ile dizeli 2.8 waliyoweka ni injini ya 1GD ileile tuliyoizoea, kuna toleo wameisaidia na mfumo mdogo wa umeme wa volti 48 na hiyo si haibridi ya kutembelea umeme, inasaidia tu kuondoka. Kilichobadilika sana ni bodi, dashibodi na ndani kwa ujumla, halafu stelingi. Mpya ni ya umeme, hii unayopewa wewe ni ya haidroliki. Ya umeme sio mbaya, inakuwa nyepesi na gurudumu likigonga jiwe haikurudishii kishindo mkononi, ila ya haidroliki ikivuja hozi naziba au nabadilisha hapahapa Ngamiani siku hiyohiyo, hiyo nyingine ikigoma mwaka wa kwanza utakaa unasubiri spea na mashine ya kuisoma. Kwa mtu wa ofisini hilo dogo. Kwa mtu mwenye iliki mbichi nyuma sio dogo.

Ila kabla hujalipa hata senti nenda kaiangalie kwa macho yako mwenyewe, zero kilomita sio maana yake haijazeeka. Inama kwenye tairi, ubavuni tafuta maandishi ya DOT, mwisho wake kuna namba nne zimezungushiwa, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1824 hiyo tairi imetengenezwa wiki ya 18 mwaka 2024. Hapo utajua gari imekaa uani muda gani hata kama mdomo wa muuzaji unasema imeingia juzi. Kagua tairi zote nne na spea. Fungua mlango uangalie kibati kama kina mwezi wa kutengenezwa. Betri iliyokaa bila kuchajiwa inakufa mapema, mwambie aipime mbele yako. Maji ya breki nayo yanavuta unyevu hata gari ikisimama, kama imepita miaka miwili wabadilishe wao kwa gharama yao. Angalia diski za breki na mabomba ya chini kama kutu imeanza, hewa ya bahari pale Dar haina huruma.

Uliza pia kama hiyo ina difloki ya nyuma, ile inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, maana sio zote zinakuja nayo, na kwa zile kona zako gurudumu moja likining'inia ndo unaiona kazi yake.

Mwisho tairi. Zinazokuja na gari mara nyingi ni za lami. Utaweka fo wili, utaweka na 4L ile gia nzito yake, tairi zikishajaa ule udongo zinakuwa kama kandambili. Tenga hela ya tairi za AT, zile za lami na vumbi zenye meno makubwa, ndani ya bajeti yako sasa hivi usisubiri ukwame.

NambaE

Fundi kaongea vizuri mimi naongezea soko tu, maana nanunua na kuuza. Mnunuzi wa kwetu akija kuangalia gari swali la kwanza ni namba gani, yaani herufi ya kwanza ya usajili baada ya T na tarakimu, namba D au E, la pili imetembea ngapi, la tatu mwaka wa kutengenezwa. Kwa hiyo mleta uzi gari ya 2024 ukiisajili leo utafurahia namba lakini kwenye kadi mwaka utabaki 2024, siku ya kuuza atakukata hapo. Hiyo milioni 12 usiione yote kama zawadi, sehemu yake ni ule mwaka au miwili ambao gari imeshapoteza imesimama. Kama unauza baada ya miaka mitatu nakwambia subiri mpya. Kama unaitumia mpaka miaka minane tisa hiyo tofauti itakuwa imeisha kabisa chukua.

MnunuziWaViungo

Mimi ni wa kuitumia mpaka ichoke mkuu, hicho kigari nilichonacho nina miaka sita nacho na nilikinunua kikiwa kimetumika.

SaccosDada

Kaka yangu watu wote wanaongelea gari mimi naongelea deni, nafanya kazi ya mikopo naona mengi.

Ukisubiri mwakani vitu vitatu havikusubiri wewe. Bei ya sura mpya huijui bado na mara nyingi gari ikiingia mwanzo hakuna punguzo kabisa, wanaoitaka wapo foleni. Bajeti ya serikali inasomwa Juni na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, ushuru ukiguswa bei inaruka kabla hujafika kaunta. Halafu dola, gari inanunuliwa nje kwa dola hata kama siku hizi bei ya ndani lazima itajwe kwa shilingi.

Lakini pia usikimbilie kwa sababu umeambiwa zimebaki tatu, hilo neno nimelisikia kwa wateja wangu wengi sana na wiki mbili baadaye bado zipo tatu. Piga hesabu ya marejesho kwa mwezi wako mbaya, sio mwezi wako mzuri. Mwezi wa nne barabara imefunga huna mzigo, je utalipa? Kama jibu ni hapana punguza mkopo, hata ikibidi uuze kwanza hicho kigari. Na bima chukua kubwa, usije ukaweka ile ya mtu wa tatu kwenye gari ya mkopo, ikiserereka kule bondeni utalipia chuma ambacho hakipo.

Kijana_wa_Raskazone

Mimi natofautiana nanyi, subiri tu bro. Sura mpya zikishafika bandarini hizi za zamani zitashuka tena, utapata punguzo la 20 sio 12.

FundiNgamiani

Labda. Au zitakuwa zimeisha. Na hiyo labda yako inapita katikati ya masika.

MamaPangani

Mwanangu nimesoma yote. Mimi nilikuwa nafanya nazi na dagaa miaka mingi kabla barabara ya Pangani haijaanza kuwekwa lami, najua gari ikilala njiani na mzigo. Nina ndugu yangu alinunua gari ya toleo jipya kabisa ule mwaka wa kwanza, nzuri kweli kweli, ikaharibika kidude cha umeme, ikakaa gereji miezi miwili spea inatoka nje ya nchi. Miezi miwili wateja wake wakahamia kwa mwingine na hawakurudi. Hebu nikuulize, yale magunia saba ulipoteza shilingi ngapi? Iweke hiyo hela pembeni ya hiyo milioni 12 uangalie.

MnunuziWaViungo

Shikamoo mama. Asante kwa kuniuliza hivyo. Nimekaa na daftari langu usiku huu. Yale magunia saba peke yake nilipoteza milioni mbili na nusu kwenye bei. Nikaongeza siku ambazo sikupanda kabisa kwa kuogopa njia, mzigo ukachukuliwa na wenzangu wenye gari za juu, masika moja nimepoteza karibu milioni sita. Sikuwahi kuzijumlisha.

MamaPangani

Marahaba mwanangu. Sasa umeona.

MnunuziWaViungo (siku nne baadaye)

Wakuu mrejesho. Nilishuka Dar Jumamosi na basi la kwanza. Zile tatu kweli zipo. Nyeupe niliyokuwa nimeahidiwa nikainama na tochi ya simu, tairi zote nne 1624, spea hivyohivyo, kibati cha mlangoni mwaka 2024, na diski za mbele zina kutu ya kahawia imeshashika ukingoni. Ya fedha iliyo pembeni yake tairi 0925, diski zake safi. Kijana wa mauzo aliponiona nasoma tairi akanyamaza kidogo akaenda kumuita mkubwa wake.

Tumeongea kwa muda wa saa mbili. Ile nyeupe walikuwa tayari kuongeza punguzo lifike milioni 16, ya fedha wakagoma kwenye 10. Nimechukua ya fedha. Difloki ipo, nimeiwasha palepale uani nikaona taa yake. Waranti wameniandikia kwa karatasi kwamba inaanza siku ninayokabidhiwa, sio siku ilipoingia nchini, na huduma ya kwanza ni juu yao. SaccosDada nimefanya ulivyosema, kigari changu nimeshampata mteja Muheza, kwa hiyo mkopo umepungua karibu nusu na nitamaliza ndani ya mwaka.

Masika inaingia mwezi wa tatu, gari napewa wiki ijayo namba zikitoka. Fundi tairi za AT nichukue saizi ileile iliyokuja nayo au nipandishe?

FundiNgamiani

Saizi ileile, usipandishe, ukipandisha kilomita zinasoma uongo na gia inakuwa nzito mlimani ukiwa na mzigo. Njoo nayo kabla hujapakia gunia hata moja, nikuoneshe pa kutolea maji kwenye filta ya dizeli, taa yake ikiwaka usiendelee na safari hata kama umebakiza kilomita mbili kufika.