Wakristo, hivi mnasali vipi na kwa nini? Tusio Wakristo tunaomba kueleweshwa

Mwana wa Pangani
Wakuu, mimi ni Mwislamu, dada yangu kaolewa Uchagani. Juzi tulikuwa msibani kwa wakwe zake. Usiku wa kwanza kina mama wakaketi na rozari, Salamu Maria ile ile mpaka nikasinzia. Kuna mama mmoja alikuwa anazisukuma zile shanga kama anahesabu hela za kikoba. Usiku wa pili wakaja walokole wa ukoo huo huo, wote wanaomba kwa mpigo, kila mtu na lake, huyu anakemea, yule analia. Asubuhi mchungaji wa Kilutheri akafungua kitabu, akasoma sala, dakika tano kamaliza.
Nauliza kwa nia njema. Sisi swala tano zinajulikana, rakaa zinajulikana. Nyie utaratibu wenu ni upi? Na kama Mungu anajua yote, mnamweleza nini? Naomba majibu, sio matusi.

Binti Kilema
Hela za kikoba? Umeenda kula pilau la msiba wa watu halafu unawasanifu wafiwa? Huyo mama ndiye aliyepika chai uliyokunywa.

Mwana wa Pangani
Dada, nimesema kwa utani. Jibu swali basi.

Binti Kilema
Utani na bibi yako. Rozari ina matendo, yaani mafungu ya matukio ya kutafakari: ya furaha Jumatatu na Jumamosi, uchungu Jumanne na Ijumaa, utukufu Jumatano na Jumapili, mwanga Alhamisi. Kila Salamu Maria kumi unatafakari jambo moja katika maisha ya Yesu. Mdomo unasema, moyo uko Bethlehemu au Kalvari. Wewe ulisikia mdomo tu.

Mlokole Halisi
Na hayo ya mwanga yameongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, mimi nikiwa sekondari. Yaani sala inaongezewa vipengele kama katiba. Mathayo 6:7, "msipayuke-payuke, kama watu wa Mataifa, maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi." Salamu Maria hamsini ni maneno machache?

Kijana wa Kigango
😂😂 Mlokole ananukuu "msipayuke"! Ijumaa ya mkesha wenu sisi mtaa mzima tunalala saa kumi na moja alfajiri, na tunajua madeni ya kila muumini maana yanatajwa kwenye spika.

Mlokole Halisi
Bartimayo alipaza sauti, wakamkemea anyamaze, akazidi kupaza. Marko 10. Yesu akasimama. Angenyamaza kistaarabu kama nyie angekufa kipofu.

Kijana wa Kigango
Bartimayo alikuwa kando ya barabara, hakuwa na spika nne zimeelekezwa dirishani kwangu. Na Hana je? Samweli wa kwanza, mlango wa kwanza: midomo inacheza, sauti haisikiki, mpaka kuhani Eli akadhani kalewa. Akapata mtoto kimya kimya.

Katekista Mstaafu
Vijana, mwenzenu kauliza vitu viwili na hakuna aliyemjibu hata kimoja. Nijaribu.
Utaratibu upo. Wanafunzi walimwomba Yesu awafundishe kusali, akawapa Baba Yetu. Ipo Mathayo 6 na Luka 11. Angalia mpangilio wake: jina la Mungu kwanza, ufalme wake, mapenzi yake, ndipo mkate, msamaha na majaribu. Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana na Msabato wote wanaijua. Mengine yote, rozari, kitabu cha ibada, mkesha, ni njia za kukaa ndani ya sala hiyo hiyo. Tena Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, walikulia kwenye Zaburi na saa za sala. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, Petro na Yohana walipanda hekaluni saa ya tisa kusali. Kwa hiyo ndugu yetu wa Pangani, kusali kwa saa si jambo geni kwetu. Kengele ya sala ya Malaika wa Bwana inagongwa asubuhi, mchana na jioni.
Sasa kwa nini, wakati Mungu anajua? Yesu mwenyewe kasema Baba anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba, kisha mstari unaofuata akasema, basi ninyi salini hivi. Hakuona mgongano. Mtakatifu Augustino alimwandikia mjane mmoja aitwaye Proba kwamba Mungu hahitaji kupewa habari. Anataka hamu yetu ikue mpaka tuweze kupokea anachotaka kutupa. Kwa hiyo anayefanyiwa kazi katika sala ni mwombaji. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini uondoke, haukuondoka, akaambiwa neema yangu yakutosha. Kule Gethsemane, usiku wa kukamatwa kwake, Yesu aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, akamalizia si kama nitakavyo mimi. Kikombe hakikuondoka. Mwenye kutaka kujua kwa nini Wakristo wanasali asianzie kwenye sala zilizojibiwa. Aanzie hapo.
Na wewe Mlokole, pale Gethsemane Mathayo anasema aliomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Kurudia siyo kupayuka.

Fundi Spika
Mzee ndefu sana hii, weka muhtasari.

Mlokole Halisi
Mzee shikamoo. Hoja ya Gethsemane nimeiona. Lakini alikuwa anaongea na Baba, hakuwa anaongea na Mariamu.

Binti Kilema
Tumeanza. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria ni Luka 1, maneno ya malaika na ya Elizabeti. Nusu ya pili tunamwambia "utuombee". Wewe mbona kila wiki unatuma namba ya simu kwa nabii akuombee? Tena kwa sadaka.

Mlokole Halisi
Nabii yuko hai.

Binti Kilema
Na watakatifu wamekufa? Mungu si wa wafu. Hiyo nayo imeandikwa.

Kijana wa Kigango
Manabii wenu hao ndio waliokanyagisha watu Moshi kwa mafuta ya upako, 2019 ile.

Mama Wawili
Ilikuwa Februari 2020, watu 20 walikufa. Mimi ni wa Moshi, msiwafanye marehemu wetu fimbo ya kupigania. Wale watu walikuwa wanaumwa, wana madeni, wana watoto walioshindikana. Mnacheka mtu anayelia kwenye mkesha, mnajua anaomba nini? Mimi nilikuwa Mlutheri wa kitabu. Sala ya kitabu ni nzuri, wala siidharau. Ila mwanangu alipolazwa sikukumbuka ukurasa. Nililia tu.

Mwana wa Pangani
Pole sana dada.

Kijana wa Kigango
Pole mama. Sikukulenga wewe. Ila spika zizimwe saa nne usiku, hilo sirudi nyuma. Kuna kanuni za kelele za 2015, NEMC wa mazingira wapo.

Mlokole Halisi
NEMC waanze na adhana ya saa kumi na moja. Mbona hiyo hamuitaji?

Mwana wa Pangani
Adhana imeingiaje? Adhana ni dakika chache, inaita watu, inaisha. Haitaji wachawi kwa majina. Mimi nimekuja kuuliza mnasali vipi, sasa nimekuwa mshtakiwa!

Mlokole Halisi
Dakika chache mara tano, mara siku saba, mara misikiti mitatu. Piga hesabu.

Mwana wa Pangani
Na mawaidha yenu ya sokoni mchana kutwa mbele ya maduka yetu nayo nipige hesabu? Tuheshimiane. Katiba ibara ya 19 inatulinda wote.

Binti Kilema
Mwana wa Pangani, bado hujamwomba radhi yule mama wa rozari.

Mwana wa Pangani
Yule mama na mimi tuliagana vizuri, kanipa na mkungu wa ndizi. Wewe ndiye una kesi. Katekista, nimesoma yako mara mbili, nina swali: kama kikombe hakikuondoka, aliyeomba alijibiwa au hakujibiwa?

Fundi Spika
Mliosema habari za saa nne, tatizo si saa, ni kufunga honi za nje kwenye ukumbi wa watu thelathini. Weka boksi mbili ndani, geuza zitazame watu, jirani hasikii kitu. Anayetaka nimfungie anitafute, makanisa na misikiti yote nafanya.

Kijana wa Kigango
Bei?