Ree na mfalme, jozi ya mbili, au ghulamu na kumi za kopa: mkono upi una nafasi kubwa zaidi?

Mchezaji wa South C
Habari zenu wanajamvi. Katika meza yetu ya Jumamosi ya Texas Hold'em, yaani poka ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na tano za pamoja hufunuliwa mezani, kumezuka ubishi kuhusu mikono mitatu ya kuanzia: ree na mfalme wa aina tofauti, jozi ya mbili (yaani karata mbili zenye namba 2), na ghulamu na kumi zote za kopa. Iwapo watu wawili wameweka chipu zao zote kabla ya karata za mezani kufunuliwa, mngeuchagua upi?

Hesabu_Ngara
Ndugu, swali lako halina jibu moja, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Jozi ya mbili huishinda ree na mfalme kwa asilimia 52 au 53, kwa sababu yenyewe imeshakamilika ilhali mpinzani bado anatafuta. Ghulamu na kumi za kopa nazo huishinda jozi hiyo kwa asilimia 53 hadi 54, kwa kuwa zaweza kupata jozi kubwa zaidi, karata tano zinazofuatana, au kopa tano. Hata hivyo, zikikutana na ree na mfalme huelemewa, maana mkono huo huzishinda kwa takriban asilimia 59. Kila mmoja una mbabe wake.

Dada wa Umoja
Nakubali, ila hayo ni ya watu wawili tu. Jozi ya ree, ambao ndio mkono bora kabisa, hushinda takriban asilimia 85 dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, lakini wapinzani wakiwa wanne hushuka hadi karibu 56, na katika meza ya watu tisa wanaobaki wote hadi mwisho hufika karibu 35. Jozi ya mbili katika meza kama hiyo hutegemea kupata karata ya tatu yenye namba 2, jambo ambalo karata tatu za kwanza za mezani hulileta kwa asilimia 12 hivi. Mimi huitupa.

Kijana wa Kasarani
Mimi nachagua ghulamu na kumi. Zikitokea kopa mbili katika karata tatu za kwanza za mezani nina asilimia 35 ya kukamilisha kopa tano, kwa hiyo hulipa bila kusita.

Hesabu_Ngara
Asilimia 35 ni yako ikiwa utaziona karata zote mbili zilizosalia bila kulipa tena. Kwa karata moja, kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 47 usizoziona, yaani asilimia 19. Tuseme mezani pana shilingi 1,000 na mpinzani ameongeza 500: unalipa 500 kugombea jumla ya 2,000, hivyo unahitaji walau asilimia 25. Akiwa mtu wa kuongeza dau tena karata inayofuata ikifunuliwa, 19 haitoshi, isipokuwa uwe na hakika kwamba atakulipa vizuri ukikamilisha. Chipu zake zote zikiwa zimeshaingia, lipa.

Mchezaji wa South C
Nawashukuru nyote. Kwa hiyo, kati ya mikono hii mitatu, anayechagua baada ya mpinzani wake kuchagua ndiye mwenye nafuu daima. Jumamosi nitawaachia wenzangu watangulie.