Ndege wanaoonekana baridi ikielekea kuisha: wadau tupeane uzoefu, umeona nini huko uliko?

Mwanzisha mada (Minneapolis)
Wakuu poleni na baridi. Huku theluji bado imejaa lakini ndege washaanza vituko. Asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari nasikia kadinali anapiga mluzi juu ya mti, yule mwekundu mwenye kishungi, na nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri jamani! Huyu hahami, yupo mwaka mzima, ila Desemba utamsikia tik tik tu basi, Februari ndo anaimba kwelikweli sababu mchana umeanza kurefuka. Hawa hawasubiri joto, wanafuata mwanga. Jike naye anaimba, wengi hatujui. Juzi nimemwona dume anamlisha mwenzie mbegu ya alizeti mdomo kwa mdomo, nikamwita mke wangu aje aone, akaniambia na wewe jifunze 😂 Haya mwageni.

mama_wawili (Toronto)
Mimi nimeona robini, wale wa kifua chekundu wanaosemwa ni dalili ya baridi kuisha, kama ishirini hivi kwenye mti wa matunda madogo mekundu nyuma ya kanisa. Ndo kusema baridi imeisha?

Mzee wa Darubini
Hapana dada, hiyo wanadanganywa wengi. Robini wengine hawaondoki kabisa, baridi yote wanazurura kwa makundi wanakula matunda yaliyobaki mitini, huwaoni sababu hawashuki chini kwenye nyasi. Angalia tabia, usiangalie ndege. Ukiona kundi limevunjika, dume yuko peke yake anaimba na anatafuta minyoo chini, hapo sawa, ardhi imeanza kulainika. Mimi nawaamini zaidi wale weusi wenye bega jekundu, madume yanatangulia majike kwa wiki kadhaa, kila mmoja anakamata kipande chake cha matete bwawani na kupiga kelele kama mwenye shamba.

dereva_wa_lori (Columbus, Ohio)
Naombeni msaada, kuna kigong'ota kila alfajiri anagonga bomba la chuma juu ya paa, trrrrrr, nimetoka zamu ya usiku silali. Anatafuta wadudu kwenye chuma kweli??

Mzee wa Darubini
Hatafuti chakula huyo mkuu, ndo wimbo wake. Msimu huu wanatangaza mipaka na kuita jike, na chuma kinasikika mbali kuliko mti mkavu, kajipatia spika ya bure. Vumilia, wakishapata wenza na kuanza viota kelele inapungua. Au fungia kitambaa kizito pale anapogonga.

dereva_wa_lori
Spika ya bure 😂😂 sawa mzee.

nyota_ya_bundi (Wisconsin)
Jamani msisahau bundi mwenye pembe (ni vishungi vya manyoya tu kichwani). Yule anataga mwezi wa pili huu huu! Hajengi, anachukua kiota kikuukuu cha mwewe au kunguru, jike analalia mayai hadi theluji inamwangukia mgongoni na hanyanyuki, dume ndo analeta panya na sungura. Kwetu nyumbani akilia bundi bibi anatema mate chini, huku mimi navaa makoti mawili usiku naenda kumsikiliza. Ila kaeni mbali na kiota, mkimfukuza jike mayai yanaganda.

Kijana wa Mida (Watamu, Kenya)
Huku kwetu ni jua kali lakini wageni wa kutoka kaskazini ndo wanajiandaa kurudi. Vitwitwi wa Siberia, ndege wadogo wa ufukweni, pale hori la Mida walikuwa wa kijivu miezi yote, sasa kifua kinaanza wekundu wa matofali, wanakula bila kupumzika maji yakitoka, wakitafuta mafuta ya safari. Mwezi wa tano wengi hawapo. Mbayuwayu nao, mkia ulikuwa mfupi na manyoya chakavu, sasa kavaa mapya.

mama_wawili (Toronto)
Kwa hiyo mbayuwayu wa huko ndo watakuja kwangu?

Kijana wa Mida
Hapana mama, wa huku wanapanda Ulaya na Asia. Wa kwako aina ni ileile ila wanatokea Amerika ya Kusini na ya Kati.