MJADALA: Baridi hii ya mwezi wa sita, mwajiri anawajibika na afya ya akili ya mfanyakazi au kila mtu apambane na hali yake?

Mleta mada:
Wadau habari za baridi. Kuna ofisi moja hapa Dodoma, sitaitaja, imeita watu ukumbini wakafundishwa kuhusu sonona (huzuni nzito isiyoisha) ya majira ya baridi, ile ambayo Dkt. Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kule Marekani mwaka 1984, wakaonyeshwa na zile taa kali za laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) ambazo mgonjwa anakaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi. Ugonjwa upo, sibishi. London mwezi wa kumi na mbili mchana haufiki hata masaa nane, Helsinki ndo usiseme, haufiki sita, mtu anaingia kazini giza anatoka giza. Ila sisi tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta jamani, tofauti ya siku ndefu na fupi ni kama dakika 40, na jua letu la saa nne asubuhi linazidi hizo taa mara kadhaa halafu bure.

Sasa mbona mwezi wa sita watu wako hoi? Mimi nasema baridi inasingiziwa. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, Bunge la bajeti liko hapahapa mjini tangu Aprili, majibu ya maswali ya wabunge yanatakiwa kesho asubuhi, masurufu (pesa za kazi zilizotangulizwa) hayajarejeshwa, mkaguzi wa ndani anapiga simu, mtu anatoka Mtumba kwenye mji wa serikali saa nne usiku na upepo ule unajua mwenyewe, anafika Ilazo kwenye chumba kimoja na hakuna wa kumuuliza umeshindaje maana familia imebaki Dar. Tangu lile tangazo la 2016 la serikali kuhamia huku kuna watu wamehamisha begi tu. Treni ya SGR imesaidia wikiendi, sawa, lakini Jumatatu mpaka Ijumaa je? Halafu unampa huyo mtu semina ya masaa mawili, posho na picha ya pamoja.

Mwajiri awajibike, ila kwa kupunguza kazi za usiku na kuruhusu likizo, hizo slaidi abaki nazo. Pingeni.

Mtoto wa Bahi:
Mkuu unadekeza watu. Wazee wetu wamelima mtama kwenye ukame huu huu, mvua ikigoma wanaanza upya, sijasikia mtu kapewa siku ya kupumzisha akili. Kazi imekushinda acha, mtaani kuna vijana wana digrii wanaendesha bodaboda wataichukua hata leo.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, hao wazee walikuwa wanaumwa vilevile, sisi tuliwapokea wodini wakiwa wameshachelewa, wengine pombe imeshawamaliza. Na mpaka leo watu wanachelewa, kwa sababu Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, tunayo hapahapa mjini na tumeigeuza utani, ukionekana getini tu kesho ofisi nzima imekutangaza chizi. Kwa hiyo mtu anakuja anasema kichwa, tumbo, mara presha, mara usingizi hauji, unampima hauoni kitu.

Mleta mada umegusa mzigo wa kazi, hujagusa siri. Nimeona mwenyewe karatasi ya daktari inafika kwa afisa utumishi asubuhi, mchana dereva anaijua. Sheria ya Ajira ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 nusu, ulete tu cheti cha daktari. Nani atakileta kama kitasomwa kwenye chai?

Fundi Bosi:
Shikamoo mama. Mimi nauza vifaa vya ujenzi, nina vijana sita. Serikali mtu akikaa nyumbani miezi miwili mshahara unatoka hazina, kwangu unatoka droo hii hii ninayonunulia saruji. Mtaniambia nini?

Mleta mada:
Bosi, mfanyakazi mwenye mawazo anakuwepo dukani na bado anakutia hasara, anakosea hesabu, anagombana na wateja. Shirika la Afya Duniani wanasema sonona na wasiwasi vinaila dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka.

Fundi Bosi:
Hizo bilioni ni za dunia, mimi nahesabu za kwangu.

Mlinzi Ihumwa:
Nyie wa ofisini mnajadili jua. Mimi naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi kabla halijachomoza, saa kumi alfajiri joto linashuka mpaka nyuzi 13 na kibanda hakina mlango, upepo wote wangu. Nikifika nyumbani nilale watoto wanapiga kelele bati linachemka, naamka jua linaelekea kuzama. Mimi na huyo wa Helsinki hatuna tofauti. Sasa usije ukasema baridi inasingiziwa. Nyongeza ya usiku asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa iko kwenye sheria, sijawahi kuiona. Nimeomba koti na zamu zizunguke, nimejibiwa walinzi wako wengi.

Mleta mada:
Mzee wangu, si ndo hayo nasema, koti na zamu, siyo semina.

Mlinzi Ihumwa:
Hapana, wewe umesema bajeti ya Bunge. Usinibebe kwenye hoja yako.

Mtoto wa Bahi:
Hahaha mzee kamaliza. Huyu mpeni koti kweli, anafanya kazi. Wa ofisini bado nakataa.

Nesi Mstaafu:
Na zamu zizunguke, koti peke yake halimpi mtu usingizi.

Fundi Bosi:
Mimi nina walinzi wawili, makoti nitawatafutia mitumba ya soko la Sabasaba Jumamosi, na zamu wabadilishane kila wiki mbili, hilo naliweza. Likizo ya mawazo bado sijakubali, endeleeni kunishawishi.