Naomba ushauri: mdahalo wa utoaji mimba na mwanzo wa uhai, Tabora mjini

Wakuu, habari zenu. Tunaandaa mdahalo wa vijana hapa Tabora, Waislamu na Wakristo pamoja. Kinachovuruga mada hii mara nyingi ni hesabu. Kliniki huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takriban wiki 2 kabla haijatungwa. Kwa hiyo siku 120 za kupuliziwa roho, wanazozitaja wanazuoni wengi wa Kiislamu, ni kama wiki 19 kwenye kadi ya kliniki, si 17. Msipoliweka sawa hilo mapema, watu watabishana hadi jioni bila kukutana.

Kanisa Katoliki husimama kwenye kutungwa mimba. Lakini mapacha wa kufanana wanaweza kugawanyika hata siku kadhaa baadaye, na swali la "mmoja au wawili?" ni zito, lisipuuzwe.

Kisheria, kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu humlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama.

Naombeni ushauri: tuanze na baiolojia, dini au sheria? Na "uhai umeanza lini" tulitenganishe vipi na "nani ana haki ya kulindwa"?